Mwenye Meza wa Kingsbury

Mtu wa kawaida akitaka kukutisha hupaza sauti. Yeye alishusha. Alishusha mpaka ukajikuta umeinama juu ya meza, kidevu karibu na dadu, ukimsaidia mwenyewe kazi ya kukutisha. Nilikaa mwaka mzima nikijaribu kumwiga mbele ya kioo cha bafuni kwangu Stratford, mashariki ya London, na kila nilipojaribu nilionekana mtu mwenye mafua. Nalisema hili mwanzoni ili ujue unasikiliza maneno ya nani. Mimi si shahidi mzuri wa mtu huyu. Nilimwonea gere tangu Jumapili ya kwanza, na wivu huo mpaka leo haujaniisha.

Tulimwita Mwenye Meza, basi. Kwa asiyeujua mchezo wetu: watu wachache hukaa mezani, kila mmoja akijifanya mtu fulani wa zamani, karani, mkunga, askari, na mmoja wao husimulia yanayowapata. Wachezaji husema wanafanya nini, dadu huamua kama wamefaulu, na msimulizi huendelea kutoka hapo. Mchezo wetu ulikuwa wa kutisha, tena wa kihistoria: mji ni wa kweli, enzi ni ya kweli, ila ndani yake mna kitu kisichotakiwa kuwemo. Kampuni inayouchapisha hutoa pia vitabu vya nyongeza, kila kimoja na mahali pake na wakati wake. Asiyecheza huona upuuzi mtupu. Dada yangu akinipigia simu kutoka Tanga huuliza, "Bado uko na mashetani yako?"

Tulikutana kila Jumapili baada ya adhuhuri katika chumba kilicho juu ya duka moja la viungo pale Kingsbury Road, katikati ya magunia ya dengu. Mwenye duka, Mgujarati mzaliwa wa Kisumu, alikuwa mchezaji mwenzetu. Wa tatu alikuwa muuguzi, Mkenya wa Nakuru, aliyekuja mara nyingi akiwa bado amevaa viatu vya wodini. Mimi ni wa getini. Nasimama stesheni pale Stratford, naonyesha watu njia ya kutokea. Kisha Jumapili napanda treni moja bila kubadilisha, mwanzo wa mji hadi mwisho wake, kwenda kuuawa na Mwenye Meza, mzee wa Mombasa.

Maana alikuwa akituua. Mwenye duka ndiye aliyekufa mara nyingi kuliko sote, kwa kuwa hakuweza kuuona mlango uliofungwa akauacha. "Nimekufa tena?" angesema, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa vitafunio vya chevda. "Na chai bado haijapoa!"

Kabla ya kustaafu, Mwenye Meza alifanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi inayotunza vitu vilivyosahauliwa kwenye treni. Visa vyake vyote vilitoka huko. "Miavuli haitishi," alituambia. "Mwavuli una mwenyewe, atakuja, asipokuja atanunua mwingine. Lakini mtu asahau mguu wa bandia kwenye treni, kisha ashuke, aende zake nyumbani. Hebu nambieni, alikwendaje?" Akanywa chai. Muuguzi, ambaye ameshika miguu ya bandia mingi kuliko mtu yeyote katika chumba kile, alikunja yake mwenyewe chini ya kiti. Na mimi nikawaza: watu wangapi wanapita mbele yangu kila siku pale getini, na sijawahi kuambulia hata robo ya kisa?

Usidhani alikuwa jasiri. Mtu huyu aliyetunyima usingizi aliogopa njiwa. London hii, mji wa njiwa! Angevuka barabara kuwakwepa, angesimama nje ya duka akisubiri mwenye duka atoke na ufagio. Filamu za kutisha hakuzitazama kabisa. Nilimkaribisha kutazama moja siku ya sikukuu, akakataa katakata. "Hizo mimi nazijua," alisema. "Waziandika watu kama mimi. Hawana huruma."

Sala hakuichezea. Siku moja tulikuwa tumejifungia ndani ya nyumba ya mganga, kitu kikikwaruza mlango kutoka nje, dadu ziko mkononi mwangu tayari kurushwa. Akatazama saa, akainuka. "Alasiri," alisema. Akatandika mswala wake nyuma ya magunia, nasi tukabaki na kile kitu mlangoni. Nilizishika zile dadu dakika kumi nzima mpaka zikalowa jasho. Aliporudi alikaa, akafuta uso, akasema, "Haya. Kimeacha kukwaruza." Mwenye duka alipiga yowe. Nilimchukia kwa sababu nilijua hakuipanga ile. Alikwenda kusali tu kama siku zote, na bado ikatokea bora kuliko yote niliyowahi kuyapanga mimi.

Kwenye historia alikuwa mkali kupita kiasi. Hakuruhusu kofia, taa wala chumvi ambayo hakuwa na hakika nayo. Mara moja mtu wangu alikuwa amenasa kisimani, gizani, nikasema nawasha kiberiti.

"Kiberiti umekitoa wapi?"

"Kiko mfukoni."

"Mwaka huu tuliomo, Lamu, kiberiti? Siamini. Uko gizani."

Nikafa gizani. Wiki nzima akaenda maktaba, akasoma, na Jumapili iliyofuata alifika na karatasi mbili alizonukuu kwa mkono. "Mwanangu, niwie radhi. Kiberiti kilikuwepo. Kilifika kabla."

"Basi nimefufuka," nilisema.

"La. Mimi nilikosea, lakini wewe umekufa."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, na treni nzima ya kurudi nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo.

Hakuwa mtu wa kusifu. Ukisimulia jambo vizuri alisema, "Si vibaya," na hiyo ikakutosha mwezi. Siku muuguzi alipoeleza harufu ya chumba cha maiti ambamo hamjaingia mtu siku tatu, Mwenye Meza aliweka kalamu chini akamtazama. "Hiyo," alisema, "hiyo naiiba." Nilikuwa nimekaa pale miaka minne na hakuwahi kutaka kuniibia chochote. Niliumia. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Sasa ni lazima niseme habari ya kitabu changu, kwa sababu bila hiyo hutanielewa. Nimekulia kwenye mashamba ya mkonge. Baba yangu alikuwa karani huko. Kwa miaka mitatu niliandika kwa siri nyongeza ya mchezo wetu kuhusu shamba la mkonge wakati wa Wajerumani: kurasa karibu mia mbili, ramani nilizochora mwenyewe, majina ya mashine, orodha ya magonjwa. Kampuni ilipotangaza kwamba inataka nyongeza mpya, moja tu, ya pwani ya Afrika Mashariki, nilihisi wameniita mimi. Nikapeleka. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshaliona jina langu kwenye jalada, hata rangi ya herufi nilikuwa nimeichagua.

Jibu lilikuwa la mistari mitatu, lenye adabu. Halikunichagua.

Jumapili iliyofuata Mwenye Meza alitoa daftari la shule lililokunjamana pembe. Muuguzi alikuwa ameyachapa yaliyomo na kuyatuma bila hata kumwomba ruhusa, na kampuni ikampigia simu mzee nyumbani kwake Kenton. Kurasa arobaini! Ghala la forodha la Mombasa siku reli inaanza kujengwa, na ndani yake masanduku ya watu wasiorudi kuyachukua. Hakuchora ramani hata moja.

"Wanasema watakitoa," alisema, akiona haya kama bwana harusi. "Ila lazima kijaribiwe kwanza mezani. Nani ajaribu kama si ninyi?"

Nikampa mkono. Nikasema hongera mara tatu, na kila mara ilizidi kunikwama.

Tulikijaribu Jumapili sita. Tano za kwanza zilikuwa nzuri, nami nilipumua kidogo, kwa sababu nzuri ya kawaida naiweza. Ya sita ndiyo yenye mwito.

Tulikuwa ghalani, mchana kweupe, tukikagua masanduku. Mwenye Meza alianza kusoma orodha ya shehena. Ilikuwa ndefu na ya kuchosha kwa makusudi: pembe, majora ya marekani, misumari, gundi, misumari tena. Macho yalianza kuwa mazito. Katikati ya orodha, bila kuinua uso, bila kubadilisha mwendo wa kusoma, alilitaja jina la mwenye duka. Jina lake halisi, siyo la mchezoni. Alilitaja mara moja, taratibu, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili anahitaji kusaidiwa kubeba kitu.

"Naam?" alijibu mwenye duka, akifungua biskuti.

Orodha ikaendelea. Nazi kavu. Kamba. Kisha likaja jina langu.

Sasa, mtoto yeyote wa pwani amefundishwa hili kabla hajajua kufunga kanga. Ukisikia sauti usiyemwona mwenyewe inakuita, usiitike. Nyamaza, ngoja iite tena. Mtu ataita mara ya pili, kingine hakiiti. Bibi yangu alinifinya sikio kwa ajili ya somo hilo. Lakini bibi huyohuyo alinifundisha pia kwamba mkubwa akikuita unaitika papo hapo, kwa heshima, na lile la pili ndilo lililokaa kwenye ulimi. "Abee," nilisema.

Mwenye Meza alimaliza orodha yake. Akakunja karatasi mbili ndogo, moja akampa mwenye duka, moja akanipa mimi. Iliandikwa kwa mkono wake mzuri wa ofisini: *Umeitika. Aliyekuita si mimi.*

Niliinua macho. Alikuwa akinitazama kwa huruma. Baridi ilinianzia shingoni ikateremka hadi kwenye visigino. Muuguzi, aliyekijua kisa chote kwa kuwa ndiye aliyekichapa, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikaogopa, ndiyo. Lakini chini ya woga kulikuwa na jambo baya zaidi. Kitisho kile kilikuwa changu. Nilikuwa nacho tangu utotoni, sikio langu lilikifahamu, nami nikaandika kurasa mia mbili za mashine za kusaga mkonge na nisikione. Yeye aliinama tu akakiokota.

Kampuni iliwatumia wajaribu fomu ya kujaza, bila jina. Nilijaza yangu mezani kwangu, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, kwa Kiingereza safi kabisa. Niliandika kwamba tukio la mwito halitishi. Kwamba wachezaji wa hapa hawataelewa kwa nini kuitika ni kosa, na kwamba kumwita mchezaji kwa jina lake halisi ni utovu wa adabu. Nikasema, na hili ndilo linaloniuma, kwamba msimulizi anaonekana kuchoka. Nikaisoma mara mbili, nikarekebisha nukta moja, nikaituma.

Mwito ukakatwa. Kitabu kikatoka bila huo mwito. Jalada zuri, jina lake juu, herufi za rangi ileile niliyoitaka mimi. Waliokisoma waliandika kwamba kimefanyiwa utafiti, kinasomeka vizuri, ila hakitishi sana. Nilisoma maoni hayo yote, mengine mara mbili, na kwa mwezi mmoja hivi nilikuwa na raha ambayo sitaki kuieleza.

Yeye hakulalamika. Alikuja Jumapili mbili zaidi. Ya pili alisimama katikati ya kisa, tukiwa kwenye ngazi za gereza, akafunga daftari. "Walisema mtu amechoka," alisema. "Nilidhani waongo. Lakini hebu nitazameni. Sitishi tena." Tulipiga kelele kukataa, na mimi nilipiga kelele kuliko wote. Akanionyesha kiti chake, kile kimoja tu chenye mikono. "Kaa wewe, mwanangu. Wewe una bidii."

Bidii! Nikakaa.

Nilikaa miaka miwili. Nilileta ramani, nilileta muziki wa simu, nilizima taa. Shamba langu la mkonge lilipata wachezaji hatimaye. Mwenye duka alikuwa akiuliza maswali kuhusu bei ya katani. Muuguzi alianza kukosa Jumapili moja, kisha mbili. "Aki pole, nina shift," alikuwa akiniandikia, na muuguzi huwa na shift kweli, lakini zamani alikuwa akizibadilisha. Siku moja zimwi langu kubwa lilitokeza kwenye boma la mashine, nimelisubiri miezi mitatu, na mwenye duka akacheka. Hakuwa na ubaya. Alidhani ni pale pa kucheka.

Mwenye Meza nilikutana naye majuzi, Jumamosi asubuhi, kwenye duka la mboga palepale Kingsbury. Alikuwa anachagua mihogo, akiivunja ncha kuangalia weupe wake. Amepungua. Koti lilimning'inia mabegani. Tulisalimiana, nikambebea mfuko hadi kituo cha basi, akaniuliza meza inaendeleaje, nikasema inaendelea vizuri. Akatabasamu, akafurahi kwa ajili yangu kabisa. Hapo ndipo nilipokosa nguvu ya kuendelea kuficha.

"Mzee," nilisema, "ile ripoti niliandika mimi."

"Ripoti gani?"

"Iliyosema mwito hautishi. Iliyosema umechoka. Nilikuwa nimepeleka kitabu changu, wakakikataa, wakachukua chako. Nikaandika uongo."

Basi likaja. Aliinua mkono kulisimamisha kama kawaida, kisha akausahau hewani. Dereva akafungua mlango, akatungoja, akafunga, akaondoka. Nami nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa machozi.

"Kwa hivyo," alisema polepole, "ulitisha?"

"Mwito?"

"Mwito. Ulitisha?"

"Ulitisha, mzee."

"Wewe mwenyewe uliogopa?"

"Niliogopa."

"Kiasi gani? Hebu nambie. Usinifiche."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya shingo na visigino. Nilimwambia kwamba wiki nzima pale getini sikugeuka mtu aliponiita, mpaka msimamizi wangu akanipeleka nikapimwe masikio. Kwamba nilimkatia simu dada yangu kwa sababu alianza kwa kutaja jina langu. Kila nilichosema alitaka zaidi. Je, ni lile jina au ni karatasi? Je, orodha ilikuwa ndefu mno? Ile misumari ya pili ilisaidia? Basi la pili likapita, la tatu likapita, na yeye alikuwa akicheka na kujipiga paja, mihogo imemwagika benchini, uso umemrudia ule wa kabla. "Masikio!" alisema. "Wakakupima masikio!"

Na mimi, niliyekuja kuungama, nilikaa pale kituoni nikamwonea wivu upya. Hakuna mtu atakayewahi kuniambia mimi maneno kama yale.

Kisha kicheko kikaisha. Alianza kuirudisha mihogo mfukoni, mmoja mmoja.

"Miaka miwili," alisema. "Nimekaa nyumbani miaka miwili najua nimekwisha. Nimegawa vitabu vyangu."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Si leo. Leo niache nifurahi." Basi la nne lilikuwa limeshasimama, aliweka mguu mlangoni, akageuka. "Hasira nitakuja nayo Jumapili. Na kile kiti unipishe."

Nikamwambia karibu. Sijawahi kulitamka neno hilo kwa shida kiasi kile, kwa sababu kiti nilikuwa nimekipenda.